Kasi ya Bei na Maksai wa Masanja

Deo,

Begi lako liko mlangoni. Leo nimelipita mara nyingi, na kila nikilipita natamani nilipige teke. Mambo ya chakula cha njiani, chandarua, na kumpigia simu mjomba wako ukifika, dada yako ameshakuambia yote, tena vizuri kuliko mimi. Sina nafasi ya hayo. Nina hasira, na nimeona niiandike kwa sababu jana nilipoanza kuisema ulichomeka vile vidude vyako masikioni ukawa unatikisa kichwa.

Unakwenda Dar es Salaam kufanya kazi kwenye ofisi ya madalali wa hisa. Majirani wananipongeza. Mama Ester wa dukani ameniambia, "Mwalimu, sasa umeshatoka, utatusahau." Nimemjibu asante. Ningemjibu nini kingine? Ningemwambia kwamba mwanangu kapata kazi kwa kuwaonyesha mabosi ukubwa wa kundi lake la simu, na kwamba hilo kundi limejengwa kwa jina langu?

Nitafika huko. Kwanza nikusimulie jambo unalolijua nusu.

Unajua nilivyoanza kufuatilia hisa, lakini unajua ile hadithi fupi ya kuchekesha ambayo marehemu baba yako alipenda kuwapa wageni, ya mke wake aliyekuwa akichora bei za saruji kwenye karatasi za mitihani. Ile ndefu hakuwahi kuisimulia. Yeye na baba yako mkubwa Fidelis walinunua hisa za kiwanda cha saruji kwa mavuno yao mazuri ya mpunga. Mpango ulikuwa zikipanda wauze, wanunue mashine ya kukoboa, waiweke Usevya nyumbani kwetu, ambako watu walikuwa wanasafirisha mpunga mbali ili ukakobolewe na wengine. Mimi nilikuwa nafundisha hisabati hapa Mpanda, na wewe ulikuwa bado mgongoni. Gazeti lilikuwa linafika likiwa limeshachakaa kwa safari, nami nilikuwa naliomba ofisini kwa mkuu wa shule likishasomwa, nanakili bei.

Nilifanya hesabu ya kitoto kabisa. Nilichukua bei ya leo nikatoa ile ya siku kumi za soko zilizopita. Jibu likiwa kubwa, bei ina kasi. Likiwa dogo, kasi imepungua hata kama bei yenyewe bado inapanda. Na ndicho kilichotokea. Kila wiki bei ilikuwa juu kuliko wiki iliyopita, baba yako anapiga makofi, lakini ile tofauti yangu ilikuwa inasinyaa. Kilele kipya cha bei kilikuja na kilele kifupi zaidi cha kasi. Nilirudia hesabu nikidhani nimekosea kunakili. Sikuwa nimekosea. Wanunuzi walikuwa wanachoka.

Tulipokwenda Usevya nikawaambia. Walikuwa wamekaa uani wote wawili na wazee wengine wa ukoo. Nilisimama, wewe mgongoni, nikasema nadhani ni wakati wa kuuza.

Fidelis akaniuliza, "Shemeji, bei imeshuka?"

"Haijashuka."

"Imepanda?"

"Imepanda, ila..."

"Basi imepanda."

Wakacheka. Mzee mmoja akasema labda huyu mwalimu anasoma gazeti kichwa chini miguu juu. Nikamtazama baba yako. Alijua jinsi nilivyokuwa nakesha na zile karatasi. Akasema, "Mama Deo, tuletee chai."

Nikaleta chai.

Deo, nimekuwa na hasira na watu wengi maishani, lakini hakuna hasira inayonichoma kama ile ya kujikumbuka nimebeba sinia. Ningeweza kuliweka chini. Ningeweza kusema, "Chai mtajipikia, nisikilizeni." Nikamimina, nikawatilia na sukari.

Bei ilianza kushuka kabla ya msimu kwisha, kwanza polepole kiasi kwamba walisema inapumzika, halafu kwa haraka. Mashine ya kukoboa haikununuliwa. Tulipokuwa tunarudi Mpanda baada ya mazishi ya bibi yako, nilimwuliza baba yako kama anakumbuka nilichosema. Akatazama nje ya dirisha la gari, akasema, "Lakini hukusisitiza." Mungu amrehemu, alikuwa mume mwema kwa mengi. Hilo moja sijamsamehe.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana hapo ndipo nilipoharibika mimi mwenyewe. Kupatia mara moja na kudharauliwa kulinipa kiburi. Nilijiona nina macho ambayo wengine hawana. Nikajifunza vipimo vingine, kile kinachokwenda kutoka sifuri hadi mia, kwamba kikivuka sabini watu wamenunua kupita kiasi, kikiwa chini ya thelathini wameuza kupita kiasi. Nilikipenda kile kipimo kama mtu anavyopenda saa mpya.

Mama yako mkubwa Leokadia alikuwa ameuza mpunga. Akaniuliza aweke wapi hadi shule zifunguliwe, maana binti yake alikuwa amechaguliwa kidato cha tano na alihitaji vitu vingi. Hisa za benki moja zilikuwa zinashuka, kipimo kiko chini ya thelathini. Nikamwambia, "Nunua hizi, dada. Zimeuzwa mno, lazima zirudi."

"Na nikizihitaji Julai nitapata pesa yangu?"

"Utaipata na nyongeza."

Kipimo kilikaa chini ya thelathini. Kikapanda kidogo, kikashuka tena. Kilikaa huko chini muda mrefu mpaka nikaanza kukiogopa. Julai ikafika na bei ilikuwa imeshuka zaidi, na wanunuzi ni wa kutafuta kwa tochi. Leokadia akauza kwa hasara kubwa. Binti yake alichelewa kuripoti shule, akaenda na godoro la kuazima.

Leokadia hakunitukana. Alikuja hapa nyumbani akakaa kwenye kiti kile ulichokalia jana, akasema, "Sikukuuliza zitapanda lini. Nilikuuliza kama Julai nitapata pesa yangu, na wewe hukujua, lakini ulisema ndiyo. Kwa nini hukusema hujui?"

Nilitaka sana kuwa mtu anayejua. Wale wanaume wa Usevya walinicheka, mimi nikaenda kumalizia deni la kicheko chao kwa dada yangu.

Hayo nilikwambia ulipokuwa unajifunza. Au nilidhani nimekwambia. Nilipokukalisha mezani na kukuonyesha namna ya kutoa bei ya zamani kwenye bei ya leo, labda nilikuonyesha hesabu tu nikaruka kilio. Kama nilikiruka, hilo ni kosa langu na nalikubali. Lakini usilichukue likufiche.

Maana wewe una kipaji, Deo. Sikatai hata nikiwa na hasira hii. Mwaka ule ulipokuwa chuoni ulinipigia simu ukaniambia, "Mama, angalia ile kampuni ya sigara, bei imefika juu kuliko mwezi uliopita lakini kasi imefika chini." Nikaangalia. Uliiona kabla yangu. Ukauza vihisa vyako vichache, na bei ikageuka kweli. Nilifurahi hadi nikamwambia mwalimu mwenzangu ofisini, kijana wangu ana jicho.

Ni jicho hilo hilo ndilo linalonifanya nishindwe kukuelewa.

Masanja alikuja hapa siku ya Jumamosi, wewe ukiwa umekwenda kuchukua tiketi. Unamfahamu, yule mfugaji wa Kasekese ambaye familia yake ilihama na ng'ombe kutoka Usukumani, nilimfundisha binti yake. Alisimama nje amevua kofia, ameshika jogoo.

"Mwadila, mwalimu."

Nikaiitikia salamu yake ya Kisukuma, nikamkaribisha. Akasema, "Sikai sana. Nimekuja kushukuru kwa ule ushauri."

"Ushauri gani, Mzee Masanja?"

"Wa hisa. Si wewe uliyehakiki?"

Nikamwomba simu yake. Nikaona hilo kundi lako, Kasi Katavi, na watu humo siwezi hata kuwataja wote: walimu wenzangu, waendesha bodaboda wa stendi, mama anayetuuzia maharage. Nikaona chati uliyowatumia, mstari wa kasi umepaa, na chini yake maneno yako: "Kasi imegeuka. Mwalimu Skola ameipitia na kuihakiki. Tuingie kabla haijaruka."

Sijawahi kuiona ile chati. Hukuwahi kunionyesha.

"Umeingia na nini?" nikamwuliza.

"Maksai."

"Wapi wengine wa kulimia?"

Akacheka kwa aibu. "Nimeuza wote wa jembe. Deo amesema kabla ya mvua zitakuwa zimepanda, natoa, nanunua maksai wengine na jike moja juu."

Mvua ilikuwa imeshanyesha usiku wa kuamkia siku hiyo, Deo. Aliniambia hayo huku viatu vyake vina tope.

Nikafungua chati ile ile kwenye simu yangu. Ya kwako ilikuwa inaishia kwenye mstari wa kasi. Yangu iliendelea chini, kwenye vile vijiti vinavyoonyesha hisa ngapi zimeuzwa kila siku. Kulikuwa na kijiti kimoja kifupi. Baada yake hapakuwa na kitu. Siku baada ya siku, hakuna aliyenunua wala aliyeuza. Mtu mmoja alinunua hisa chache kwa bei ya juu, bei ikaruka, kisha soko likanyamaza. Na kile kipimo cha siku kumi kilibaki juu kwa sababu tu ule mruko ulikuwa bado umo ndani ya siku kumi zake. Ukitoka, kinaanguka chenyewe hata bei isipotikisika. Hilo nilikufundisha. Nakumbuka nilikufundisha kwa sababu ulibishana nami hadi tukachelewa kanisani.

Tukampigia dalali. Niliweka simu kwenye spika ili Masanja asikie mwenyewe.

"Oda ya kuuza tunaweza kuweka, mama," akasema yule kijana. "Mnunuzi ndiye hayupo."

"Atapatikana lini?"

"Siwezi kukudanganya. Hisa hii inaweza kukaa hata miezi."

Masanja aliuliza tu, "Sasa nikihitaji ng'ombe?" Yule kijana hakuelewa swali.

Aliniachia jogoo. Nilimkatalia, akamfunga kwenye nguzo akaondoka.

Uliporudi ulianza kupiga pasi shati. Nikakuonyesha simu.

"Hii picha umeikata chini."

"Nimeipunguza, mama, ili ikae vizuri kwenye simu zao."

"Umekata vijiti."

"Vinawachanganya. Hawajui kuvisoma."

"Wewe unajua kuvisoma?"

Ukageuza shati upande wa pili.

"Na jina langu?"

"Bila jina lako wasingeniamini." Ulisema kwa upole kabisa, kama vile unanisifia.

Hapo ndipo penye hasira yangu, nataka upajue vizuri ili huko mbele usije ukajidanganya kwamba mama alikasirika kwa sababu bei haikupanda. Kukosea ningekusamehe kabla ugali haujaiva. Mimi nimekosea kwa kipimo hicho hicho, nikamwumiza dada yangu wa tumbo moja. Ila mimi nilikuwa mjinga na nikaamini ujinga wangu. Wewe uliona kijiti kimoja, ukajua maana yake, ukachukua kidole ukakata. Kisha ulipoona haitoshi, ukambandika mama yako juu ya palipokatwa.

Nilimwomba mwalimu mmoja aniingize kwenye kundi. Nikaandika kwamba sikuhakiki chochote, kwamba kasi ile ni ya mnunuzi mmoja, anayeweza kutoka atoke, ambaye hajaingia asiingie. Hata sikumaliza. Ukanitoa. Mama yako mzazi, umenitoa kundini kwa kidole, ukiwa chumba cha pili, nikisikia unavyoimba.

Nimejaribu kukuelewa. Najua mji huu ulivyo kwa kijana aliyerudi na cheti. Najua ulivyochoka kuulizwa "bado upo tu?" kila ukipita sokoni. Najua ilivyo kusimama mbele ya watu na hesabu iliyo sahihi na wakakucheka, na jinsi mtu anavyoweza kufanya lolote ili safari nyingine wanyamaze wamsikilize. Naijua njaa hiyo, ilinipitia mimi ikakufikia wewe. Lakini wale wa Usevya walionicheka walikuwa wakubwa kwangu. Wewe, wale uliowadanganya wanakuamini na wanakuita "mwalimu mdogo". Hiyo siyo njaa tena.

Huko unakokwenda utakaa mbele ya kompyuta zenye chati nzuri kuliko za hapa. Utaona bei inapanda na kasi inakufa, utaona inashuka na kasi inaanza kurudi, na mara nyingine utakuwa sahihi kabla ya watu wazima wenye suti. Furahi siku hizo. Nilifurahi mimi pia. Lakini kipimo cha kasi kinakuambia bei imekwenda mbio kiasi gani, basi. Hakijui ni nani ameuza nini ili anunue. Hakijui mvua. Kuna siku mtu atakuuliza swali kama la Leokadia, na ulimi utausikia ukitaka kusema ndiyo. Nakuomba siku hiyo ukumbuke kwamba "sijui" nalo ni jibu, hata kwa mtu mwenye tai.

Jana nilikwenda Kasekese. Hukuuliza nilikuwa wapi.

Nilimkuta mke wa Masanja, Mhoja, shambani na watoto, wanalima kwa jembe la mkono sehemu ambayo mwaka jana walilima kwa maksai. Majirani wameshapanda. Kwao hata robo ya shamba haijaguswa. Nikamsalimia, nikajieleza, nikamwambia jina langu lilitumika bila mimi kujua. Aliendelea kulima. Nikaomba jembe, akanipa, tukalima pamoja, mimi na viatu vyangu vya kanisani. Mikono yangu imepasuka, ndiyo maana mwandiko huu haupendezi.

Mwishoni akasema, "Mwalimu, mimi nilimkataza mume wangu. Akaniambia, huyu ni mtoto wa mwalimu Skola. Nikanyamaza."

Akanyamaza, Deo. Unaelewa jinsi neno hilo lilivyonipiga? Mwanamke mwenzangu aliiona hatari nyumbani kwake, na kilichomfunga mdomo safari hii ni jina langu.

Masanja alikuja jioni. Nilimwambia nitakodi ng'ombe wa jirani wamlimie hata sehemu. Akakataa. "Wewe hujala chochote, mwalimu. Hilo si lako." Hakupaza sauti, na heri angepaza. Akatazama shamba, akaniuliza, "Mtoto anaondoka lini?"

"Kesho kutwa."

"Kwa basi?"

"Kwa treni."

"Ameaga watu?"

Nikamwambia hajaaga. Akatikisa kichwa. Kisha akasema hana haja ya kukupeleka polisi wala kwa mtendaji, ila anataka akuone usoni umweleze mwenyewe, kwa mdomo wako, ulikata nini na kwa nini. Na baada yake, wale wengine wote wa kundini. Mhoja akasema naye atakuja, ana lake la kusema.

Kwa hiyo nimewaambia. Nimewaambia saa ya treni na behewa ulilokatiwa tiketi. Nimewaambia na walimu wenzangu, na mama wa maharage. Kesho asubuhi watakuwa stesheni. Unaweza kuamka mapema ukapita njia ya nyuma ukapande kwa kujificha, sitakuzuia, una miguu. Ila ujue nimeshakwambia.

Usiwaeleze habari za siku kumi na mistari. Waambie ulichokiona na ulichokificha. Waambie sikuhakiki. Wakikutukana, usichomeke vidude masikioni. Wakimaliza, kama treni bado ipo, panda uende kazini. Kama imeondoka, kutakuwa na nyingine, na mabosi wako watasubiri au hawatasubiri.

Na mimi nitakuwepo stesheni, mwanangu. Ukinitafuta kwa macho, usinitafute upande wako. Nitasimama pamoja nao.

Mama yako,
Skolastika